Sadaka ya msikiti inavyoliwa na taa nyekundu



Ndugu zangu Waislamu, leo naomba tuzungumzie jambo ambalo wengi wataliona dogo. Ni zile taa nyekundu ndogo zinazobaki zinawaka kwenye televisheni, king'amuzi, sabufa, kompyuta na amplifaya ya msikiti baada ya sisi kusema kwamba tumezima. Taa ile inatuambia kwamba kifaa hakijazimika. Kimelala jicho moja wazi, na usiku kucha kinakula umeme tuliounua kwa pesa za halali, na mara nyingine kwa pesa za sadaka.

Nimelazimika kuandika haya kutokana na jambo lililotutokea katika msikiti wetu hapa Dar es Salaam, ambako mimi ni mmoja wa wanaoshughulikia hesabu.

Mchango wa LUKU

Kwa muda mrefu, kila baada ya swala ya Ijumaa, tulikuwa tukitangaza mchango wa LUKU. Kila mwenye kuswali mjini analijua tangazo hili. Imamu akishatoa salamu, katibu anasimama na kusema uniti zimekwisha au zinakaribia kwisha, kisha kisanduku kinapitishwa safu kwa safu na upande wa akina mama.

Upande huo kuna bibi mmoja muuza vitumbua ambaye kila Ijumaa hutoa Sh 2,000 na kusema, "Hii ya taa, mwanangu." Hakosi, hata mvua ikinyesha. Nami kila nilipoandika hesabu nilikuwa nikijiuliza, msikiti wetu si mkubwa, mapangaboi ni machache, taa zote ni za kisasa zisizotumia umeme mwingi, uniti zinakwenda wapi?

Tulimshuku fundi kwamba kuna waya umeguswa. Tukawashuku na majirani. Tukaishuku mita yenyewe. Wote hao tuliwadhania vibaya, na dhana mbaya ni dhambi. Mwizi alikuwa ofisini mwetu, na sisi ndio tuliomfungulia mlango.

Usiku tulipoihesabu mita

Siku moja baada ya Isha tulibaki watu watatu. Tulizima taa na mapangaboi yote, tukazima kompyuta 4 za madrasa kama vijana wanavyozizima kila siku, na friji la maji tukalitoa kwenye swichi. Taa ya mlinzi wetu inatumia sola, kwa hiyo haimo katika mita. Msikiti ukawa giza tupu. Kisha tukaenda kuitazama mita.

Ile taa ndogo ya mita ilikuwa bado inamweka. Ikawaka, ikazima, tukangoja, ikawaka tena. Mzee mmoja wa kamati akasema, "Kumbe kuna mtu humu ndani!" Nikamwambia, "Mzee wangu, hakuna mtu, ni vifaa." Akaniuliza, "Ustadhi, kitu kikishazimwa kinakulaje umeme?"

Tuliandika uniti zilizokuwa zimebaki saa 4 usiku. Tuliporudi kwa ajili ya Alfajiri, saa 11, zilikuwa zimepungua uniti 0.7. Ndani ya saa 7, katika jengo lenye giza ambalo hakuna mtu aliyekuwa akiswali wala kusoma, umeme wa wati 100 ulikuwa ukitoka bila kukatika.

Usiku uliofuata tulichomoa kifaa kimoja baada ya kingine huku mwenzetu mmoja akiiangalia mita. Amplifaya ilikuwa imeachwa inawaka tangu adhana ya Isha, na ilikuwa hivyo kila siku, kwa sababu muadhini akipunguza sauti alidhani ameizima. Mashine ya fotokopi ilikuwa kwenye hali ya kungoja kazi, imejipasha moto tayari. Kompyuta zilikuwa zimelazwa tu, hazikuzimwa. King'amuzi cha ofisini kilikuwa macho, na stebilaiza tatu zilikuwa zinanguruma na kutoa joto bila kuwa na kitu cha kulinda. Tulipochomoa cha mwisho tukangoja dakika 10, na taa ya mita haikuwaka tena.

Kwa nini kilichozimwa kinakula

Swali la mzee wetu lina majibu mepesi. Ukibonyeza rimoti kuzima televisheni, hujakata umeme. Umeiambia tu izime kioo na sauti. Ndani yake kuna sehemu inayobaki macho ikingoja ubonyeze tena, na sehemu hiyo haiwezi kungoja bila umeme. Vivyo hivyo kwa saa inayoonyesha muda, king'amuzi kinachopokea taarifa zake usiku, na kifaa kinachongoja intaneti.

Sababu ya pili ni kule kuugeuza umeme. Unaotoka ukutani ni wa volti 230, na vifaa vingi vya elektroniki vinahitaji volti chache tu. Kazi ya kuushusha inafanywa na kile kisanduku kizito cha waya au transfoma iliyo ndani, na katika vifaa vingi, hasa vya zamani, swichi ya kuzimia imewekwa baada ya transfoma. Ukizima, transfoma inabaki imeungana na ukuta na inaendelea kupata joto. Ukitaka kujua, weka mkono wako juu ya sabufa ya zamani asubuhi kabla ya kuiwasha. Ukiikuta na uvuguvugu, ujue joto lile umelinunua wewe.

Kompyuta ya mezani ina hali tatu ambazo wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni pale inapocheza picha kwenye kioo wakati hakuna mtu. Picha zile ziliwekwa zamani ili kulinda vioo vya aina ya zamani visichubuke kwa maandishi yanayokaa mahali pamoja, na hazipunguzi umeme. Ya pili ni kulala, ambapo kumbukumbu yake ya muda inaendelea kupewa umeme ili ikiamshwa ikukute ulipoachia. Ya tatu ni kuzima kabisa, na hata hapo inabaki ikivuta kidogo ili isikie kitufe chake kikibonyezwa. Hakuna hali inayokata kabisa isipokuwa swichi ya ukutani, au swichi ya nyuma ya kompyuta yenyewe kama inayo.

Wataalamu wa nchi za wenzetu waliliona tatizo hili zamani. Mwaka 2000, watafiti J.P. Ross na Alan Meier walipima nyumba 10 katika jimbo la California, Marekani, wakakuta umeme wa kungojea ni kati ya wati 14 na wati 169 kwa nyumba moja, wastani wake wati 67. Katika nyumba zile, kati ya asilimia 5 na 26 ya umeme wote wa mwaka ulikwenda kwenye vifaa vilivyokuwa havina kazi. Kabla ya hapo, mwaka 1999, Shirika la Kimataifa la Nishati lilikuwa limependekeza kwamba kifaa kinapongoja kisivute zaidi ya wati 1. Nchi za Umoja wa Ulaya zikaja kuweka sheria, na kuanzia Januari 2010 kifaa kipya cha nyumbani kilichokuwa kikiuzwa huko na kungoja tu hakikuruhusiwa kuzidi wati 1, au wati 2 kama kina kioo cha kuonyesha taarifa. Mwaka 2013 viwango hivyo vikapunguzwa kwa nusu.

Hapa tuzingatie jambo moja. Sheria zile zilihusu vifaa vipya vilivyouzwa katika masoko yao. Kompyuta, redio na amplifaya nyingi za misikiti na madrasa zetu ni za mtumba au za msaada, na nyingine zilitengenezwa kabla ya sheria hizo. Kwa hiyo tunaposhukuru kwa msaada, tukumbuke kwamba kifaa kikuukuu kinaweza kuja na tumbo kubwa.

Hesabu ya muuza vitumbua

Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila mwenye nyumba aihifadhi. Mwaka una saa 8,760. Kwa hiyo kila wati moja inayovutwa usiku na mchana inakula uniti 8.76 kwa mwaka. Wati 10 ni uniti 87.6. Wati zetu 100, kama zingeachwa mwaka mzima, ni uniti 876.

Tuchukue bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016. Mtumiaji wa kundi la T1 alipangiwa Sh 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Kwa bei hiyo, uniti 876 ni Sh 255,792. Ni robo milioni na ziada, na hakuna muumini hata mmoja aliyeswalia mwanga wake wala kusikia adhana yake.

Sasa turudi kwa bibi yetu. Sh 2,000 zake, kwa bei hiyo bila kodi, zilinunua uniti 6.8. Vifaa vyetu vilivyolala vilikula uniti 2.4 kwa siku. Maana yake ni kwamba sadaka anayoitoa Ijumaa kwa jasho la kuamka usiku kukoroga unga ilikuwa imekwisha kabla Jumatatu haijaisha, na haikuwasha taa hata moja. Nilipoifanya hesabu hii niliona haya kukutana naye.

Nyumbani nako hesabu haiko mbali. Katika bei hizo za 2016, mtumiaji mdogo wa kundi la D1 alipangiwa Sh 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na Sh 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Nyumba yenye king'amuzi, sabufa na kompyuta ya zamani inaweza kuvuta wati 20 za kungojea bila mwenyewe kujua. Hizo ni uniti 14.4 kwa mwezi, karibu sehemu moja ya tano ya zile uniti 75 za bei nafuu. Kama ndizo zinazokuvusha mpaka, basi unazilipia Sh 5,040 badala ya Sh 1,440. Mzazi anayelalamika kwamba umeme umepanda bei na aanze kwanza kuangalia pembeni ya televisheni yake.

Dini yetu imesema nini

Ndugu zangu, haya tusiyachukulie kuwa ni mambo ya Wazungu wa mazingira. Allah (s.w.) katika Suratul A'raaf, aya ya 31, ametuhalalishia kula na kunywa na papo hapo akatukataza kufanya israfu. Katika Suratul Israai, aya ya 26 na 27, amekataza ubadhirifu na kuwahesabu wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Wanavyuoni wamepambanua kwamba israfu ni kupita kiasi katika jambo la halali, na ubadhirifu ni kuitoa mali mahali pasipostahiki. Kuwasha taa 10 panapotosha taa 3 ni israfu. Je, kulipia umeme ambao haumulikii mtu, haumpozi mtu wala haumsomeshi mtu, tutauita nini?

Yuko atakayesema, "Lakini sheikh, hiyo ilikuwa zamani. Sasa tuna bwawa la Rufiji, umeme upo wa kutosha." Hoja hii nimeisikia kwa kijana mmoja wa msikiti wetu, na inafaa ijibiwe kwa heshima, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 yenye jumla ya megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024 na yote ikakamilika mwaka 2025. Sisi tuliopita katika mgawo wa mwaka 2006, tukapita katika wa mwaka 2011 na ule ulioanza mwaka 2023, tunamshukuru Allah kwa neema hiyo.

Lakini hoja ya kijana huyu ilikwisha kujibiwa zamani. Ibn Majah amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alimpitia Saad (r.a.) akitawadha, akamkataza israfu. Saad akauliza kama katika udhu pia mna israfu, naye akajibiwa kwamba imo, hata kama mtu yupo kwenye mto unaotiririka. Wanavyuoni wa hadithi wameizungumzia isnadi ya hadithi hii, lakini maana yake inaungwa mkono na ile ya Anas (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu ya maji, kiasi kisichofika lita moja.

Angalieni mfano ule. Anayetawadha mtoni hapunguzi mto. Maji yanarudi mle mle. Hata hivyo amekatazwa, kwa sababu israfu haipimwi kwa wingi wa kilichopo. Inapimwa kwa haja yako. Sasa mto wa Rufiji ndio huo umegeuzwa kuwa umeme, na sisi tunataka kusema kwamba kwa kuwa mto umejaa basi tumwage! Isitoshe, umeme wetu hautoki mtoni peke yake. Sehemu yake inatokana na gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, na gesi ikishaungua hairudi kama mvua inavyorudi.

Mwingine atasema, "Nimenunua kwa pesa yangu, nani ananiuliza?" Huyu tunamkumbusha hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, kwamba siku ya Kiyama mja ataulizwa kuhusu mali yake ameichuma wapi na ameitumia katika nini. Swali la pili ndilo hilo.

Ama umeme wa msikiti, hapo hata hoja ya "pesa yangu" haipo. Ile ni amana, na katika Suratun Nisaai, aya ya 58, tumeamrishwa kuzifikisha amana kwa wenyewe. Imesimuliwa katika vitabu vya historia kwamba Khalifa Umar bin Abdul Aziz alikuwa akiizima taa ya Baitul Mal pale mazungumzo yalipohamia kwenye mambo yake binafsi, akawasha yake. Yeye aliogopa mafuta ya dakika chache, ilhali chumba kilikuwa na watu na taa ilikuwa inawamulikia. Sisi tunawasha vya umma usiku mzima katika chumba kisicho na mtu.

Kisha kuna usalama. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya nyumba iliyoungua usiku Madina na watu wake wakiwemo ndani, na Mtume (s.a.w.) akawaambia watu kwamba moto ni adui yao, wauzime wanapolala. Katika hadithi ya Jabir (r.a.) iliyomo katika Bukhari, tumeamrishwa kuzima taa usiku, na imetajwa kwamba panya anaweza kuuburuta utambi na kuunguza nyumba. Utambi wa leo ni ekstensheni iliyopachikwa vifaa sita na stebilaiza inayonguruma chini ya pazia. Na umeme ukikatika kisha ukarudi kwa kishindo, kifaa kilichozimwa ukutani ndicho kinachosalimika.

Jinsi ya kupima na kuzima

Hakuna haja ya kununua kipimo. Ukitaka kujua nyumba yako inavuta kiasi gani usiku, zima kila unachokizima kawaida unapokwenda kulala, toa friji kwenye swichi kwa dakika chache, kisha itazame mita. Mita nyingi zimeandikwa 1000 imp/kWh, yaani ile taa ndogo ikimweka mara 1,000 uniti moja imekwisha. Hesabu sekunde kutoka mweko mmoja hadi mwingine, kisha gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati. Kwetu zilikuwa sekunde 36, na ndiyo maana tulipata wati 100. Ukiona sekunde 180 ni wati 20. Usisahau kurudisha friji.

Ukishapima, anza na wakubwa. King'amuzi ni miongoni mwa wabaya zaidi, kwa sababu vingi, hasa vya zamani, vikizimwa kwa rimoti huvuta karibu sawa na vinapoonyesha picha. Wafuatao ni sabufa na redio kubwa za zamani, amplifaya, kompyuta ya mezani na kioo chake, mashine ya fotokopi na stebilaiza isiyolinda kitu. Televisheni mpya haivuti sana inapongoja, na chaja ndogo ya simu ya kisasa isiyo na simu huvuta kidogo mno. Nasema haya ili mtu asichomoe chaja akajiona amemaliza kazi, na huku king'amuzi kinakesha.

Allah ametujaalia kwamba soketi nyingi za nchi yetu zina swichi yake ukutani, jambo ambalo nchi nyingi hazina. Basi tuitumie. Kama televisheni, king'amuzi na sabufa vipo pamoja, vipachike kwenye ekstensheni moja nzuri yenye swichi, ili mkono mmoja uvizime vyote kabla ya kulala.

Yapo ya kuangalia. Kompyuta izimwe kwanza kwa amri yake ya kuzima kabisa, ingoje mpaka ikae kimya, ndipo swichi ya ukuta ifuate. Ukiikata ghafla unaweza kupoteza kazi. Printa ya wino nayo izimwe kwa kitufe chake kwanza, ili ifunike vichwa vyake na isipoteze wino kujisafisha kila asubuhi. Friji la chakula na la dawa usiliguse. Katika kompyuta za madrasa, ziwekwe zijizime kioo baada ya dakika 5 au 10 za kukaa bure, na zile picha za kucheza ziondolewe.

Msikitini, kazi hii apewe mtu maalumu, kwa jina na kwa zamu. Jambo la wote huwa halina mwenyewe. Sisi tuliandika karatasi ya vitu 7 tukaibandika mlangoni, na anayefunga msikiti baada ya Isha anavipitia kimoja kimoja. Muadhini akifika alfajiri anawasha amplifaya kabla ya kutawadha, na akimaliza udhu iko tayari.

Tulichokiona

Mwezi uliofuata, matumizi ya msikiti wetu yalipungua uniti 58. Hazikuwa zote 72 tulizozihesabu kwa mwezi, kwa sababu mchana vifaa vinatumika kwa haki yake. Kwa bei ile niliyoitaja, hizo ni karibu Sh 17,000 kabla ya kodi. Si utajiri. Lakini tangazo la LUKU ambalo lilikuwa la kila Ijumaa sasa linapita majuma likiwa halijatolewa, na kinachobaki tumekubaliana kiwe cha misahafu na juzuu za watoto wa madrasa.

Nilimfuata yule bibi nikamweleza yote, bila kuficha kwamba sadaka zake nyingi zilipotelea kwetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, mimi niliitoa kwa Mungu, yangu imeshafika. Ninyi ndio mtakaoulizwa." Ijumaa iliyofuata alikuja na Sh 2,000 zake kama kawaida.

Maneno yake ndiyo niliyotaka kuyafikisha kwa makamati ya misikiti na kwa kila mkuu wa nyumba. Usiku wa leo, kabla hujalala, zima taa zote, simama gizani kidogo, uhesabu ni taa nyekundu ngapi zinakutazama.